Mwambie Jirani Yako

Wahubiri wetu wana neno wanalipenda kweli kweli, ukienda ibada yoyote ile ya kisasa hutoki bila kulisikia mara saba nane: mwambie jirani yako. Mwambie jirani yako, mwaka huu ni wako! Basi unageuka, unamwambia, na yeye anageuka anakwambia, mnacheka kidogo kwa aibu, ibada inaendelea. Sasa mie shida yangu ni moja tu, jirani yangu wa kweli si Mkristo. Nakaa Mpendae, hapa Unguja, ukuta kwa ukuta na Maalim anaesomesha watoto chuo cha Qur'ani, na kanisa letu lipo mita kama mia hivi kutoka barazani kwake, kwa hiyo spika ikifunguliwa Jumapili yeye anasikia kila kitu na sadaka hatoi hata senti.

Maalim si mtu wa ubishi, niseme mapema, maana najua wapo wanaosoma hapa wakiona kanisa na chuo katika sentensi moja wanakaa mkao wa mapigano. Ni mzee wa kahawa na kashata, magoti yanamuuma, redio yake haizimwi. Tangu mie mdogo namwamkia shikamoo asubuhi na jioni, na Krismasi sahani ya pilau inatoka kwetu inakwenda kwao, Sikukuu ya Idi inarudi na biskuti.

Siku moja alikuja mgeni kutoka bara, mtumishi mwenye jina, suti ya rangi ya maziwa, watu walijaa hadi nje. Akafungua Yeremia 29:11. Nani asiyeijua, ipo kwenye vikombe, ipo kwenye kanga za kwaya, nusu ya stetasi za WhatsApp za Januari ni hiyo hiyo. Akaisoma kwa kichwa, hakufungua Biblia, akasema: "Maana nayajua mawazo ninayokuwazia wewe, asema Bwana, ni mawazo ya amani!" Halafu akaendelea saa nzima, mawazo ya amani ni nyumba, mawazo ya amani ni gari, yupo mtu humu ndani kabla ya mwezi wa sita anashika funguo, pokeaaa. Na mie nlipokea, sitawadanganya, nlinyoosha mikono yote miwili.

Jioni umeme ukakatika, nkatoka kukaa barazani kwa Maalim maana ndani joto. Akanimiminia kahawa, akakaa kimya, kisha akaniuliza kwa upole tu, "Mwanangu, yule Yeremia alikuwa anawaambia kina nani?"

Nkamwambia, anatuambia sisi.

"Sikatai. Lakini siku ile anasema, mbele yake walikuwepo kina nani? Maana hata sisi aya ina sababu yake ya kuteremka, mtoto akinisomea aya namuuliza imeteremka wapi, kwa jambo gani. Asipojua namwambia rudi."

Jamani. Miaka ishirini nimeisema aya ile, nimewaandikia watu kwenye kadi za harusi, nimewaombea nayo wagonjwa, na sikuwa na jibu. Nkajifanya kahawa imenikaa kooni.

Usiku ule ule nkawasha mshumaa nkasoma sura nzima, halafu nkarudi nyuma sura ya 28, na nnakwambia ukweli nlihisi kama mtu aliyekaa kwenye nyumba miaka ishirini na leo ndio anagundua ina ghorofa ya pili. Kumbe ile ni barua. Yeremia yupo Yerusalemu, anawaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli pamoja na mfalme wao, mwaka 597 kabla ya Kristo. Watu wamelia, wanataka kurudi kwao kesho. Na barua inawaambia, tulieni. "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake", pandeni bustani, oeni, ozesheni, zaeni hapo hapo, kisha mstari wa saba unasema kautakieni amani mji ule mliopelekwa, mkauombee kwa Bwana. Na mstari wa kumi, ule unaokaa mlangoni kabisa mwa mstari wetu wa vikombe, unataja muda: miaka sabini. Piga hesabu mwenyewe. Mtu wa miaka arobaini aliyesomewa barua ile hakurudi. Alizikwa Babeli. Ahadi ilikuwa ya kweli, ila yeye binafsi asingeishika ile funguo kabla ya mwezi wa sita.

Na sasa ndio nikaona kitu ambacho mhubiri alikifanya mbele ya macho yetu na hakuna aliyeshtuka. Biblia yetu ya Kiswahili, hii ya Muungano ya mwaka 1952 ambayo imekaa kwenye mabegi yetu wote, inasema "ninayowawazia ninyi". Ninyi! Wengi! Yeye akasema "ninayokuwazia wewe". Ile -wa- ndogo katikati ya neno akaitoa akaweka -ku-, na kwa herufi mbili hizo taifa zima la mateka likageuka kuwa mimi na gari langu. Nadhani najua alikoipata, maana mahubiri mengi siku hizi yanashushwa kutoka klipu za Marekani, na Kiingereza hakina tofauti hiyo, wewe na ninyi ni neno moja, mtu akitafsiri klipu kichwani mwake inatoka "wewe". Mswahili hana udhuru. Lugha yetu imetulinda na sisi tunaruka ukuta wenyewe. Na si hapo tu, Paulo anawaambia Wakorintho "ninyi mmekuwa hekalu la Mungu", sura ya tatu, anazungumza na kanisa lililogawanyika makundi makundi, huyu wa Paulo yule wa Apolo, anawaambia mkilivunja kanisa mnavunja hekalu. Sisi tumeifanya somo la kukataza sigara. Sigara mbaya, nakubali, lakini aya ile inaogopesha zaidi ikisomwa kwa wanaogawa makanisa, na wanaogawa makanisa ndio mara nyingi wanaoihubiri.

Yule mtu wa sura ya 28 lazima nimseme. Anaitwa Hanania, nabii wa Gibeoni. Anasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, anasema Bwana wa majeshi asema, ndani ya miaka miwili vyombo vyote vinarudi na mateka wote wanarudi. Miaka miwili! Tamu, na yenye tarehe. Yeremia alikuwa kavaa nira ya mti shingoni kama ishara, Hanania akamvua akaivunja mbele za watu. Hebu fikiria na wewe ungekuwepo ungepiga makofi kwa nani, kwa wa miaka miwili au kwa wa miaka sabini? Mie najijua, ningepiga kelele pokea. Na kinachonishangaza ni kwamba Hanania hakutumia jina la mungu mwengine, alisema vile vile "Bwana asema hivi", na Yeremia mwanzoni alimjibu Amina, Bwana na afanye hivyo, kama mtu anayetamani kweli iwe hivyo. Hanania alitabiri mwezi wa tano. Mwezi wa saba mwaka ule ule alikuwa marehemu.

Mahubiri mengi ninayoyasikia ni ya sura ya 28 yamevalishwa aya ya sura ya 29. Hilo ndilo lililonifanya niandike yote haya.

Sasa nakuja kwa mama yangu, na hapa nitakwenda taratibu.

Mama alikuwa anapika vitumbua. Usiku anaroweka mchele, alfajiri anasaga, tui la nazi, hamira kidogo, iliki, kisha anakaa chini mbele ya chuma cha vitumbua chenye vishimo saba, anageuza kwa kijiti kimoja baada ya kimoja mpaka jua linatoka. Alitusomesha kwa vishimo saba vile. Alipofika umri wa miaka sitini na kidogo sukari ikampata, na kidonda kidogo kidoleni mguuni, cha kiatu tu, kikakataa kupona.

Wakati huo kulikuwa na mtumishi mmoja (simtaji, na hakuwa wa kanisa letu, na si huyo wa suti ya maziwa) anayefanya mikutano ya siku tatu tatu, mama akapelekwa na rafiki yake. Somo lilikuwa mjane. Siku ya kwanza mjane wa Sarepta, aliyempa Eliya mkate wa mwisho. Siku ya pili mjane wa senti mbili, Marko 12, aliyetia yote aliyokuwa nayo. Siku ya tatu bahasha. Bahasha nyeupe, juu imeandikwa Jina, chini yake Hitaji, chini yake Mbegu. Mama aliandika jina lake kwa mwandiko wake ule wa kuinama kulia, kwenye hitaji akaandika mguu, kwenye mbegu shilingi elfu hamsini. Ilikuwa mtaji wa mchele na mafuta pamoja na nauli ya kliniki. Akaambiwa asiende kliniki kwanza maana atakuwa anaonyesha shaka. Wiki tatu. Tulipojua, mimi na dada yangu, kidole kilikuwa cheusi. Kikakatwa. Na alipokwenda kumwambia mtumishi, akaambiwa mama, imani yako ilitikisika mahali.

Sina haja ya kusema nlijisikia vipi. Nnachotaka kusema ni kuhusu Marko 12, maana baadae nliisoma kama mtu anaetafuta mwizi. Aya ya mjane inaanza mstari wa 41. Panda juu kidogo tu, mstari wa 38 hadi 40, Yesu anasema jihadharini na waandishi, wapendao kutembea wamevaa mavazi marefu, na kusalimiwa masokoni, na kuketi mbele, "ambao hula nyumba za wajane, na kwa unafiki husali sala ndefu". Hula nyumba za wajane! Halafu neno linalofuata, pumzi ile ile, Yesu anakaa kuelekea sanduku la hazina na anatokea nani? Mjane. Maskini. Anatia alichobakiwa nacho chote. Yesu anamsifu kuwa ametia kuliko wote, ni kweli, lakini hamwambii mtu yeyote nenda ukafanye hivyo, hasemi atarudishiwa mara mia, hasemi neno moja kuhusu baraka zake za kesho. Anatoka nje, wanafunzi wanashangaa mawe makubwa ya hekalu, naye anawaambia hili lote litabomolewa, halitasalia jiwe juu ya jiwe. Hapo tushaingia sura ya 13, tukifunga Biblia kwenye mwisho wa sura hatuoni.

Na mwisho wa sura, jamani, hakuuweka Marko. Namba za sura ziliwekwa karne ya 13 huko, na namba za mistari ya Agano Jipya ni za mpiga chapa mmoja Mfaransa, Robert Estienne, mwaka 1551. Zimetusaidia kupata pa kufungua, ahsante zake, lakini Marko aliandika habari moja inayokimbia bila kupumua, ulaji wa nyumba za wajane, mjane anayetoa cha mwisho, nyumba itakayobomolewa. Mhubiri wa mama yangu alichukua kipande cha katikati, akakata juu na chini. Akabaki na mjane bila onyo. Na yule tunayeonywa tujihadhari naye alikuwa ameshika maiki.

Hata yule wa Sarepta, someni vizuri 1 Wafalme 17, pipa la unga halikupunguka, na waliokula ni nani? Yeye, na nabii, na nyumba yake, siku nyingi. Nabii alikaa pale pale kwenye nyumba ya njaa akala walichokula. Hakuondoka na bahasha akapande boti ya saa tisa.

Kuhusu imani ya mama kutikisika sina la kuongeza, Yohana 9 ipo. Wanafunzi walimwuliza Yesu kipofu yule nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, akajibu huyu hakutenda dhambi wala wazazi wake. Waliouliza walikuwa wanafunzi wake mwenyewe, waliokula nae.

Malaki 3:10 siingii sana, mshachoka nayo, zaka kamili ghalani. Ila siku mhubiri atakapoifungua mwombe kwa adabu aanzie sura ya kwanza, ambapo anayegombezwa ni makuhani wanaotoa madhabahuni mnyama kipofu na kilema, na sura ya pili inaanza kabisa "Na sasa, enyi makuhani, amri hii yawahusu ninyi". Na 3:5 kuna wanaomwonea mwajiriwa katika mshahara wake, pamoja na mjane na yatima. Najiuliza yule mlinzi wa kanisa letu anayelala kwenye boksi analipwa shilingi ngapi. Na zaka yenyewe, nenda Kumbukumbu la Torati 14 uone kila mwaka wa tatu ilikuwa inaliwa na nani: Mlawi, mgeni, yatima, mjane, wale na washibe. Mama yangu alikuwa upande wa kula! (Mistari michache juu yake kuna ruhusa ya kununua unachotamani ule mbele za Bwana, ng'ombe, kondoo, hata kileo, hiyo sijawahi kuisikia ikihubiriwa na kwa sababu zinazoeleweka sikumsomea Maalim.)

Ukiuliza maswali kama haya utapigwa na Zaburi 105:15. "Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu." Nimepigwa nayo mara mbili, mara moja kwenye kikao cha wazee na mara moja kwa meseji saa sita usiku. Zaburi ile inasimulia Ibrahimu, Isaka na Yakobo, wachache tu, wageni, wanahama taifa hadi taifa, na wanaokatazwa kuwagusa ni wafalme, "hata wafalme aliwakemea kwa ajili yao". Yaani ni aya ya kumlinda mnyonge asiye na kwao dhidi ya mwenye nguvu, leo inamlinda mwenye nguvu dhidi ya mnyonge anaeuliza risiti. Na kama masihi wa Bwana, yaani mpakwa mafuta wake, haguswi hata kwa neno, basi nabii Nathani alikosea kumwambia mfalme Daudi "Wewe ndiwe mtu huyo", na wale wa Beroya katika Matendo 17 walikosea kuyachunguza maandiko kila siku waone kama anayosema Paulo ndivyo yalivyo. Lakini Luka, mwandishi wa Matendo, anawasifu, anasema walikuwa waungwana. Muungwana kwa Kiswahili cha Pwani si neno dogo, nyote mnajua.

Na Hosea 4:6, hii nacheka mwenyewe. "Watu wangu wanaangamizwa kwa kukosa maarifa", tunafokewa nayo kila semina, hamsomi, hamhudhurii, hamnunui vitabu vya mtumishi. Malizia mstari. "Kwa kuwa wewe umeyakataa maarifa, mimi nami nitakukataa wewe, usiwe kuhani kwangu mimi." Mstari mmoja huo huo! Nusu ya kwanza mkutano, nusu ya pili madhabahu, na siku zote sauti inakatika katikati kama spika ya zamani.

Kuna lile la Kigiriki. Mtu hajui hata kuandika herufi moja ya Kigiriki lakini atakwambia, neno nguvu hapa katika Matendo 1:8 kwa Kigiriki ni dunamis, ndiko kulikotoka dinamiti, kwa hiyo mkipokea nguvu mnapokea mlipuko! Watu wanaruka. Neno ni kweli dunamis, na dinamiti kweli imepewa jina kutokana na neno hilo, lakini aliyeibuni ni Alfred Nobel mwaka 1867, mmisionari Edward Steere ana miaka mitatu tangu ashuke hapa Unguja kuanza kuandika Kiswahili chetu. Luka angekuwa anaijua vipi? Huwezi kumpa mtu wa karne ya kwanza kitu cha karne ya 19 ukasema ndicho alichokusudia. Na mzee mmoja mvuvi, mshirika wetu, aliniambia baada ya ibada kitu ambacho mhubiri yule wa mjini asingekifikiria. Akasema, kijana, baruti mie naijua, wapo wanaovulia. Ikilia samaki wote wanaelea, wakubwa na wadogo, matumbawe yanavunjika, na pale mahali hupati samaki tena miaka. Akaondoka zake na ndoo yake.

Kuhubiri kuhusu dini ya jirani nitapita haraka, kwa sababu inanitia uchungu. Mtu anashuka boti na aya mbili za Qur'ani alizozikariri kutoka klipu, anazisema vibaya kwenye spika inayosikika mpaka msikitini, halafu anaondoka Jumatatu. Sisi tunabaki. Kosa lake ni lile lile analoifanyia Biblia, kipande kimekatwa juu na chini, ila hapa ameingia nacho nyumba ya watu.

Lakini lililonikaa zaidi moyoni ni la Mkunazini. Ilikuwa semina ya vijana, ukumbi mmoja pale pale mjini, msemaji akafundisha "kuvunja laana ya Hamu", mwana wa Nuhu. Anasema sisi Waafrika tulilaaniwa tangu Nuhu, ndio maana tulikuwa watumwa, ndio maana maskini, simameni tuivunje. Vijana wakasimama wengine wanalia. Watoto wa Kizanzibari, weusi kama mimi, wanaomba msamaha kwa ngozi yao hatua mia mbili kutoka pale lilipokuwa soko la watumwa.

Nlitoka nje nkaenda mpaka uani mwa kanisa kuu la Anglikana, zile sanamu za watu watano shimoni na minyororo shingoni. Nkakaa na simu nkafungua Mwanzo 9. Nuhu amelewa, ameamka, na yeye ndiye anayelaani, si Mungu. Na anasema nini? "Na alaaniwe Kanaani." Kanaani! Hamu ana watoto wanne katika sura ya kumi, Kushi, Misri, Putu na Kanaani, na aliyelaaniwa ni huyo mmoja, baba wa Wakanaani, wa kule kule Palestina. Hamu mwenyewe hakulaaniwa popote. Ni aya ambayo waliotaka watumwa waliisokota karne na karne mpaka ikatoshea shingo ya Mwafrika, na leo haina haja ya Mzungu wala Mwarabu kuisokota, tunajivisha wenyewe na tunalipa kiingilio.

Soko lile lilifungwa mwaka 1873 na kanisa likaanza kujengwa hapo hapo. Ukiingia ndani, wale vijana wanaotembeza watalii watakuonyesha nguzo fulani karibu na mlango wa magharibi, wanasimulia kuwa Askofu Steere alisafiri na aliporudi akakuta mafundi wamezisimamisha kichwa chini miguu juu. Akaziacha. Zimebeba vile vile mpaka leo. Kuna siku nazitazama nacheka, siku ile sikucheka.

Na mie? Mie ni msomaji wa kanisa letu, mchungaji akisafiri nahubiri. Mwaka fulani nliwaombea vijana wa kidato cha nne wanaoingia mtihani, nkawapa Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu", nkawaambia semeni kwa sauti, nayaweza hesabu, nayaweza fizikia! Mmoja alipata sifuri. Alikaa miezi haji kanisani, nkamfuata kwao Fuoni, nkamkuta anafua, akaniambia bila hata kuniangalia, "Kaka, mie nadhani yeye hakunitia." Nkaduwaa. Mstari wa 12, ule wa juu yake, Paulo anaandika akiwa kifungoni, anasema najua kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Mambo yote anayoyaweza ni hayo, pamoja na kupungukiwa. Ilikuwa ndio aya hasa ya kijana aliyefeli na mie nlikuwa nishampa ile nusu ya wanaofaulu. Tulikaa pale kwenye ndoo ya kufulia nkamsomea upya, sijui kama ilimsaidia, aliniitikia kwa heshima tu. Nguo alizianika zote.

Mwezi uliopita mchungaji alisafiri tena. Nkahubiri Yeremia 28 na 29 zote mbili, Hanania na nira na barua na miaka sabini, na nlipofika "kautakieni amani mji ule" nkasema ingawa sisi hapa si mateka, mie nimezaliwa hapa hapa, lakini kama mateka waliambiwa wauombee mji basi mwenyeji aombe mara ngapi. Hakuna aliyeruka. Watoto walilala. Bibi mmoja wa kwaya akaniambia mlangoni, "Ulisoma sana leo, baba," na sikujua ananisifu au ananionya.

Jioni nkapita barazani. Maalim alikuwa anachambua mchele kwenye sinia, hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo yule wa miaka miwili alikufa?"

Nkamwambia alikufa, mwezi wa saba.

"Hata kwetu wapo," akasema, akatoa jiwe akalitupa nje. "Na wale wa barua, walizijenga hizo nyumba?"

Nkasema walijenga.

"Enhe. Lete kile kigoda ukae, mchele huu mawe matupu."